Rangi inababuka chini ya ukuta: kabla hujashika brashi, toka nje ukatazame maua yako

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Pasua hapa Moshi. Nyumba yangu ina miaka minane, imejengwa kwa tofali za bloku za inchi 6. Chumba cha kulala, ukuta wa upande wa nje, kutoka sakafuni hadi kama futi mbili rangi inababuka na unatoka unga mweupe kama chumvi. Mwaka juzi fundi alikwangua akapaka rangi mpya. Mei hii hali imerudi, tena mbaya kuliko mwanzo. Fundi wa pili anataka kunibandikia tailizi hadi usawa wa dirisha. Jirani anasema nibandue lipu yote nipige nyingine ya simenti kali yenye dawa ya kuzuia maji. Halafu soketi iliyo kwenye ukuta huo siku hizi inanitekenya nikichomeka pasi. Nina likizo Juni na mdogo wangu wa kiume atanisaidia. Je, tunaweza kufanya wenyewe? Nimetuma picha mbili.

Jibu: Marahaba mwalimu. Nitaanza na lile uliloliweka mwishoni kama nyongeza, maana ndilo lililonitoa kwenye kiti. Soketi haitekenyi. Soketi inayokutekenya inakuambia kuwa umeme unapita mahali usipopaswa kupita, na sasa njia mojawapo ni mkono wako. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, na ukuta ulioloa unaupitisha vizuri tu. Usiendelee kusoma. Nenda kwenye meni swichi, zima breka ya soketi za chumba hicho, bandika karatasi yenye maandishi makubwa: USIWASHE. Kama breka zako hazina majina na hujui ipi ni ya wapi, zima zote za soketi, pasi ipumzike, nguo zivaliwe na mikunjo yake.

Umerudi? Haya. Kazi hiyo ya soketi si yako wala ya mdogo wako, hata kama ana testa mfukoni. Ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, akague boksi la soketi lililo ndani ya ukuta na apime waya wa ethi. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye ethi, kwa sababu ingekuwa nzima ingekuwa imeshaubeba huo umeme kuupeleka ardhini kabla haujafika kwako. Akikuambia tatizo limekwisha baada ya kuzungushia tepu nyeusi, mshukuru na utafute mwingine.

Sasa ukuta. Kwa kifupi, ndiyo, sehemu kubwa ya kazi hii mnaiweza wenyewe, na wala haina ufundi wa kutisha. Ila karibu yote iko nje ya nyumba, na ile unayoiwazia wewe, ya ndani, ya mwiko na brashi, haitafanyika Juni. Nitakueleza kwa nini.

Ule unga mweupe ni chumvi kweli, hukukosea. Si ya mezani lakini. Ni chumvichumvi za ardhini na za ndani ya simenti yenyewe. Bloku ukiitazama kwa karibu ina vitundu vidogo sana, na maji hupanda ndani yake kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate ulichokichovya ncha tu. Yanapopanda yanabeba chumvi iliyoyeyuka. Yakifika usoni mwa ukuta, maji yanakauka yanaondoka, chumvi inabaki, inaganda chini ya rangi na kuvimba. Ndiyo inayoisukuma rangi ibabuke. Kwa hiyo fundi wako wa mwaka juzi hakukuuzia rangi mbaya. Alipaka rangi nzuri juu ya ukuta uliokuwa bado unakunywa maji, na rangi yoyote ingefanya vilevile.

Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini sikubaliani na fundi wa pili wala na jirani. Tailizi na lipu ya simenti kali haziyaondoi maji, zinayafungia mlango wa kutokea. Yakikosa pa kutokea yataendelea kupanda mpaka yapate pengine. Nalijua hili kwa gharama. Miaka ya nyuma, nikiwa bado kijana mwenye mbwembwe, nilipiga lipu ya aina hiyohiyo kwenye nyumba moja kule Kiboriloni: ndoo moja ya simenti kwa mbili za mchanga, na dawa ya kuzuia maji juu yake. Ilikuwa ngumu kama chuma, nikajisifu. Masika yaliyofuata mama mwenye nyumba akaniita. Alama ya maji ilikuwa imetoka futi mbili imefika kwenye kizingiti cha dirisha, na kitanda chake kilikuwa kimeota ukungu ubaoni. Nililibomoa lile lipu kwa tindo siku nne kwa hela yangu mwenyewe, na kila kipande kilichoanguka nilikiona kinanicheka.

Na kwa vile wewe ni mwalimu, kesho utakapoingia darasani tazama ule mkanda wa rangi ya mafuta unaopakwa chini ya kuta ili uchafu ufutike kwa urahisi. Penye ukuta unaonyonya maji, utaona malengelenge yamejipanga juu kidogo ya mkanda huo. Ni mchezo uleule: rangi ya mafuta haipumui, maji yanatafuta ukingo wake.

Basi maji yanatoka wapi? Hapo ndipo picha yako ya pili, ile ya nje, imenisaidia kuliko maelezo yote. Naona mambo matatu.

La kwanza ni bustani. Umepanga mawe, umejaza udongo mweusi mzuri, umepanda waridi, na masale pembeni. Inapendeza. Lakini udongo huo umeegemezwa ukutani na umepanda juu ya msingi; nimehesabu kozi mbili, yaani mistari miwili ya bloku, zimefukiwa. Fundi aliyejenga nyumba yako, kama alijenga kama wengi tunavyojenga, alitandaza nailoni nene juu ya msingi kabla ya kuanza kupandisha kuta, ili maji ya ardhini yasipande. Nailoni hiyo inafanya kazi kwa sharti moja, kwamba ardhi ya nje ibaki chini yake. Wewe umeipandisha ardhi hadi juu yake. Maji hayana haja tena ya kuvuka nailoni, yanaingia moja kwa moja kwenye bloku kwa ubavuni. Na waridi unazimwagilia kila jioni, au nimekosea?

La pili, paa halina gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya mvua, upande huo. Tufanye hesabu ya darasa la tano. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa linalomwagia ukuta huo nimelikadiria kwa macho kuwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, yaani mita za mraba 50. Mvua ya milimita 30, ambayo kwa Aprili ya Moshi si ya ajabu, inashusha lita 1,500. Ni kama kulipindua tanki zima kwenye bustani yako kwa usiku mmoja. Juu ya hapo mji wetu wote uko kwenye mteremko, maji yanatoka juu yanashuka, na ninyi wa Pasua mko kule yanakoelekea.

La tatu, koki ya bustani imefungwa kwenye ukuta huohuo, na bomba lake linazama ardhini palepale penye unyevu. Sitalituhumu bila ushahidi, ila ni rahisi kulipima. Siku maji yanapotoka, usiku kabla ya kulala funga kila koki, funga na valvu ya tanki ili boya lisiwe linajaza polepole ukadhani ni uvujaji. Piga picha mita kwa simu, zile namba za mwisho kabisa zionekane. Alfajiri kabla mtu hajanawa uso, piga nyingine. Zikiwa sawa, bomba liache. Zikiwa zimesogea hata kidogo, una bomba linalovuja, na huenda bili imekuwa ikikunong'oneza siku nyingi. Angalizo: kipimo hiki kinahusu mabomba yaliyo kati ya mita na tanki. Yanayotoka kwenye tanki kuingia ndani utayapima kwa kuweka alama ya usawa wa maji kwenye tanki lenyewe.

Yako mengine yanayoweza kuleta unyevu, kama karo lililo karibu, au maji ya ardhini kuwa juu kama kule Mabogini kwenye mashamba ya mpunga. Lakini umetaja ukuta mmoja tu, nami nachukulia kuta nyingine ziko salama. Maji ya ardhini yasingechagua ukuta mmoja. Na ili uondoe shaka kwamba si jasho la hewa ya chumbani, hasa sasa baridi ya Juni na Julai inapoingia na madirisha yanafungwa, chukua karatasi ya foili ya kufungia chakula, futi moja kwa futi moja. Ibandike kwa tepu pande zote nne juu ya sehemu iliyobabuka, uiache siku mbili. Matone yakiwa juu ya foili, ni hewa ya chumba, fungua madirisha na usogeze kabati mbali na ukuta. Yakiwa nyuma ya foili, maji yanatoka ukutani. Dau langu naliweka nyuma ya foili.

Sasa kazi ya Juni. Hamisha waridi kwanza, chimba na udongo wake, zitaishi. Masale nayo ni magumu hayafi hovyo. Ondoa udongo wote ulioegemea ukuta, chimba hadi usawa wa chini ya nailoni kwa walau sentimita 15, upana wa kama futi tatu kutoka ukutani. Utajuaje nailoni iko wapi? Kwangua lipu ya nje kidogo pale bloku zinapokutana na msingi wa mawe, utaona ukingo wake umechungulia. Kama hauonekani, chukua usawa wa sakafu ya ndani kwa pima maji, kile kipimo cha fundi chenye kipovu, halafu shuka hadi udongo wa nje uwe sentimita 15 chini ya sakafu. Chimbeni kwa jembe na chepe, na mkikaribia ile koki wekeni sururu chini mtumie mikono. Nimeshaona likizo nzima ya watu ikiishia kwenye kutafuta kiungio cha bomba Jumapili jioni.

Ukishachimba, usikimbilie kumwaga zege. Acha ukuta wa nje wazi upate jua na upepo. Kwenye kozi zile zilizokuwa zimefukiwa, kama lipu ya nje inatoa sauti ya debe tupu ukiigonga kwa mpini wa bisibisi, iondoe.

Gata ifungwe mwezi huohuo. Hapo mnahitaji ngazi imara na watu wawili, mmoja kazi yake kushika ngazi tu, hata akichoka. Ielekeze upande lilipo tanki, uvune maji ya waridi, au iteremshe kwenye mtaro unaokwenda mbali na nyumba. Mteremko wa gata uwe kama sentimita 3 kwa mita 10. Ndoo ya maji ukiimwaga upande wa juu itakuambia kama umepatia. Ubao wa pembeni mwa paa ukiwa umeoza usifunge gata juu yake. Hapo muite fundi seremala.

Ndani, Juni, kazi yako ni ndogo lakini wengi wanaiharibu. Bandua rangi na lipu iliyolegea kuanzia sakafuni hadi futi moja juu ya alama ya juu kabisa ya unyevu. Umeme wa ukuta huo uwe umezimwa, na kumbuka waya wa soketi huwa unateremka kutoka juu au unakwenda kwa ubavu, hivyo karibu na soketi tindo liende pole. Vaeni miwani na barakoa. Chumvi iliyobaki kwenye bloku isugue kwa brashi kavu, uizoe ukaitupe mbali. Usiioshe! Kila mtu anataka kuiosha. Ukiiosha unaiyeyusha na kuirudisha ndani ya bloku ikapumzike.

Halafu chukua penseli, chora mstari pale unyevu unapoishia, andika tarehe pembeni, uache. Ndiyo, uishi na ukuta uliobanduliwa. Makadirio tunayotumia mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo bloku ya inchi 6 inaweza kuchukua nusu mwaka. Ila wako utapumua pande zote mbili, na kati ya Julai na Septemba kwetu mvua ni chache, nadhani utakauka mapema kidogo kuliko hapo. Kila baada ya wiki mbili chora mstari mpya. Mistari ikishuka, umeshinda. Isiposhuka kabisa hadi mwisho wa Agosti, ama bomba la ndani linavuja ama nailoni yenyewe imechanika au haikuwekwa, na hapo usitumie hata mfuko mmoja wa simenti kabla mtu mwenye uzoefu hajafika kuona.

Ukikauka, tumia likizo fupi ya mwezi wa tisa kwa lipu, kabla ya vuli. Hapa mchanga ndio mwenye kesi. Mchanga wetu mweusi wa huku milimani mara nyingi una vumbi jingi, na vumbi ndilo linaloifanya lipu ipasuke kama kiganja cha mkulima. Kabla hujalipia tripu, chukua konzi kadhaa, tia kwenye chupa angavu hadi nusu, ongeza maji na chumvi kijiko kidogo, tikisa, uiache saa tatu. Mchanga utatua chini na vumbi litakaa juu yake kama mstari wa rangi nyingine. Mstari huo ukizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mwambie mwenye gari ahsante, au ukubali kuuosha, na kuosha mchanga ni adhabu.

Mchanganyiko ninaokushauri ni ndoo moja ya simenti, moja ya chokaa, sita za mchanga. Simenti ya 32.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko) inatosha, ile ya 42.5 waachie wanaomwaga nguzo. Chokaa inaifanya lipu iwe laini kidogo, inyumbuke, na ipumue. Fundi atakucheka kwamba hiyo ni lipu dhaifu. Mwache acheke, lipu ya ukuta wa namna hii haitakiwi kuwa na nguvu kuliko bloku iliyo nyuma yake. Lowesha ukuta kwa brashi, usiuogeshe. Rusha kwanza uji mzito wa simenti na mchanga kwa mwiko ili pabaki na uso wa kukwaruza, subiri kesho yake, ndipo upige lipu yenyewe unene usiozidi sentimita moja na nusu. Changanya kiasi mtakachomaliza ndani ya saa moja. Ikianza kuganda usiongeze maji kuifufua. Kisha inyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki moja, na usifungulie feni ikauke haraka.

Kupiga lipu ikanyooka ni mkono, na mkono hauji kwa siku moja. Anzeni nyuma ya mlango au mahali kabati litakaa. Mkiona inawashinda, mwiteni fundi kwa hiyo siku moja, vifaa mnunue wenyewe, na hela yake muigawe: kidogo asubuhi, iliyobaki ukuta ukishanyooka kwenye rula. Hakuna aibu.

Rangi isubiri mwezi mzima baada ya lipu, na iwe ya maji. Rangi ya mafuta chini ya ukuta huo usiiguse tena, hata watoto wakiuchora kwa mkaa.

Nje, ukuta ukishakauka, mwage zege jembamba kuzunguka upande huo, upana wa sentimita 60 na unene wa 7 au 8, likiwa limeinama sentimita 2 kuelekea nje, na bado liwe chini ya nailoni. Waridi zirudi baada ya hapo, mbele ya zege, si juu yake.

Nitumie picha mwisho wa Julai. Nataka kuiona mistari ya penseli na tarehe zake, na upande wa nje mdogo wako asimame pembeni ya ukuta ili nipate kukisia kimo.